Majina yaliyofutika uwanjani Nakuru

Saa mbili asubuhi, matope ya uwanja wa maonyesho wa Nakuru, siku hizi kambi ya wakimbizi, yamemfika Simran kwenye vifundo vya miguu. Amekumbatia laptop kama mtu aliyeachiwa mtoto wa wenyewe. Anainama mlangoni pa hema la Wangare, aliyefukuzwa kwake Molo.

"Mathe, naomba jina tena."

"Tena? Hata siku ya harusi niliulizwa mara moja," anasema Wangare.

Simran anatabasamu kidogo tu.

Baba yake anauza vipuri mjini. Yeye hutengeneza tovuti. Vita vya baada ya uchaguzi vilipozuka, alijitolea kuunda tovuti ya waliopoteana. Unaacha jina na unakoelekea, jamaa yako anakutafuta hapo.

Akiwa bado anaijaribu, database, yaani orodha ya majina, aliiweka kwenye memori ya kompyuta, si kwenye diski. Mafundi hufanya hivyo kwa majaribio, ni haraka. Ubaya wake, huishi tu connection yake, yaani uzi unaoiunganisha na programu, ikiwa wazi. Ikifungwa, kila kitu kinafutika.

"Nilijua," anasema Simran. "Niliacha connection moja wazi, nikasema nitahamisha majina kwa diski kesho. Lakini watu walikuwa kwa foleni, mvua inanyesha. Ningewaambia warudi wapi?"

Wakaandikishwa. Kisha mzee mmoja akalalamika kwamba maandishi ni madogo. Simran akayakuza, akazima programu, akaiwasha, jambo analofanya kila siku bila kufikiria. Maandishi yakatoka makubwa, mazuri. Lakini connection ilikuwa imefungika: jina hata moja hakuna.

Wangare alikuwa ameandikishwa asubuhi hiyo, akaambiwa arudi jioni atafutiwe mumewe kwenye orodha. Jioni hakukuwa na mahali pa kutafuta.

"Anaitwa Kamande," anasema leo. "Ana koti la kijani, limechanika mfuko."

Simran anaacha kuandika. Koti analikumbuka. Alimwandikisha mwenyewe, kabla hajapanda moja ya malori ya kwenda Naivasha na Mau Narok.

"Alisema anaenda Naivasha ama Mau Narok?"

"Sijui, mathe. Niliandika, sikusikiliza."



Siku hizi majina yanaingia kwenye diski. Jumamosi Simran ataazima pikapu ya baba yake aende Naivasha, aulize hema kwa hema. Asipompata, atapanda Mau Narok.

"Ukimpata," anasema Wangare, "mwambie niko hapa uwanjani, mstari wa nyuma. Kule mbele maji inaingia."

Simran anaandika, anazima mashine yote, anaiwasha tena. Wanasubiri wakitazama kioo. Jina la Kamande linatokea, na mstari wa nyuma.

"Iko," anasema Simran.

"Haya. Sasa imebaki yeye."