Kishindo Atambaa Sebuleni

Kazi yake ilikuwa kutengeneza majokofu, lakini mtaani hakuna aliyemwita fundi. Walimwita Kishindo, kwa sababu ya sabufa yake, sanduku jeusi ambalo likiguna, vikombe vya majirani huitikia kabatini. Kipenda roho hula nyama mbichi. Roho ya Kishindo ilikula besi, ile sauti nzito ya chini.

Jambo moja tu lilimkaa kooni. Mkewe, mwalimu wa chekechea, alikuwa haangalii tena filamu naye. Alirudi na makelele ya watoto kichwani, akaketi kwenye sofa la ukutani, na filamu ikianza tu, anashika kichwa. "Baba watoto, hii si sauti, ni ngumi." Kisha huyoo, chumbani na simu yake. Kishindo akabaki na mabomu yake, na ukweli usemwe, pengo lake lilimuuma sana. Kichekesho ukikicheka peke yako kina raha gani?

Jumamosi moja akaapa: leo mama watoto atakaa mpaka mwisho! Akaanza na kitufe cha nyuma ya sabufa, kile kinachoamua sauti nzito zipi ziende kwenye sabufa na zipi zibaki kwenye spika ndogo. Yeye alikuwa amekizungusha hadi juu kabisa, maana kuinyima sabufa kazi aliona dhambi. Ndiyo maana padri alikuwa akifungisha ndoa kwenye runinga, sauti ikitokea nyuma ya pazia, sabufa ilikosimama. Akakishusha mpaka alama ya themanini, sabufa ibaki na zile nzito kabisa tu. Padri akarudi madhabahuni, Kishindo akapiga makofi.

Lakini kwenye sofa la mkewe besi bado ilivimba. Akahamia kwenye kiti chake mwenyewe: nyembamba. Akarudi kwenye sofa: radi. Ndipo akili ikamkaa sawa. Miaka yote alipima kwa kiti chake, akaona haitoshi, akaongeza. Na kila alichoongeza kilimwangukia mwenzake. Aibu ikamshika, halafu hamu ikamshika zaidi.

Wapenzi wa besi wana dawa yao. Sabufa hukalishwa anapokaa msikilizaji, naye msikilizaji hutambaa chini akitafuta pale inapolia vizuri. Hapo ndipo patakuwa makao ya sabufa. Basi akaibeba kwa kujikakamua, akaikalisha kwenye sofa kama mgeni wa heshima, akaweka wimbo wenye gitaa la besi linalopanda na kushuka, akapiga magoti. Mtu mzima na kitambi chake, sikio chini, makalio juu! Konani, vurugu tupu. Chini ya dirisha, sauti moja inapiga kelele, nyingine imezimia.

Mkewe akatokea chumbani.

"Umepoteza nini?"

"Nakutafuta wewe."

"Chini ya meza?"

Akamweleza yote, hata lile la kiti. Mkewe akavua viatu, akapiga magoti naye. Kukaa sakafuni ndiyo kazi yake kutwa. "Sogea, unaniziba," akasema. Wakatambaa bega kwa bega wakicheka mpaka machozi, na wote wawili wakakoma mahali pamoja. Hapo gitaa lilipanda na kushuka bila sauti moja kuipiga nyenzake kumbo. Wakainua macho. Mbele yao kulikuwa na miguu ya kiti cha Kishindo.

"Hapana," akasema Kishindo.

"Mimi nimesema kitu?"

Kiti kile alikuwa nacho tangu ujana. Akapapasa mkono wa kiti, akavuta pumzi, akakiburuta mpaka barazani. Sabufa ikakaa pale kiti kilipokuwa, na yeye hakuwa na pa kukaa ila kwenye sofa, ubavuni mwa mkewe.

Bomu la kwanza lilipolia, Kishindo hakuangalia runinga. Aliangalia mikono ya mkewe kama itapanda kichwani. Ilitulia mapajani. La pili likalia, zito, laini, limenyooka. Mkewe akajikunyata karibu yake, macho hayabanduki kwenye filamu.

"Baba watoto," akasema, "ongeza kidogo."