Nilivyomsifia Mwanangu Mbele ya Mgeni wa Kikornishi

Udadisi ndio ulioniponza, na mdomo ukamalizia. Nafanya kazi kwenye maktaba moja hapa Tottenham, na Jumamosi alikuja baba mmoja kutoka Cornwall kuwasomea watoto vitabu alivyovitafsiri kwa Kikornishi, lugha ya kwao iliyowahi kunyamaza kabisa.

Nikamganda kwa maswali. Nani anavisoma? Yeye mwenyewe alijifunzia wapi?

"Nilijifunza ukubwani, kwa taabu," akasema. "Natafsiri ili binti yangu asipate taabu hiyo. Namsomea hata akiwa anaoga."

Ningenyamaza hapo, heshima yangu ningekuwa nayo mpaka leo. Lakini nikavimba kichwa.

"Sisi Waswahili wala hatuhangaiki. Neema wangu kazaliwa hapa hapa London, na Kiswahili kinamtoka kama maji."

Macho yakamng'aa. "Unafanyaje?"

Nikampa somo zima: hadithi kabla ya kulala, vitendawili wakati wa kula. Yote nilikuwa nayatunga pale pale, nimesahau kabisa kwamba Neema mwenyewe yuko kona ya watoto, anachora.

Mgeni hakusahau kumuulizia, na Neema aliposikia jina lake akaja mwenyewe. Mgeni akachukua kitabu cha Kiswahili kwenye rafu yetu, akamwomba kwa upole atusomee ukurasa mmoja tu. Mwanangu akakigeuzageuza, halafu akaniuliza kwa Kiingereza, kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni:

"Mama, hii si ile lugha mnayoongea na bibi kwenye simu mkitaka nisielewe?"