Siku Rola Ilipovishwa Maua

Mie nilitoka skuli darasa la tatu, Pemba, baba alipokufa. Nalisema hili mwanzo asije mtu akanambia baadaye kwamba sijui kuandika. Sijui, lakini naandika. Kiingereza nilikisomea kwenye madebe ya dawa ya magugu, maana kazi yangu ya kwanza ya maana hapa London ilikuwa kukata majani kwenye makaburi ya kaunsili, ndiyo serikali ya mtaa, na dawa ile ukikosea kuisoma unaunguza kaburi la mama wa mtu. Kutoka makaburini nikapandishwa viwanjani. Kiwanja changu cha mwisho, ambacho mpaka leo nakwenda ingawa magoti hayataki, ni cha kriketi, huku kwetu Thamesmead, nyuma ya maflati.

Kriketi yenyewe sijapata kuicheza hata siku moja. Nilipokuwa mdogo nilipelekwa Unguja nikawaona watu wamevaa nyeupe tupu, wamesimama juani tangu asubuhi, nikadhani wameadhibiwa. Lakini pichi naijua. Pichi ni ule ukanda wa katikati ambapo mpira unadundishwa. Unaupa maji, unauacha unywe, kisha unaupitishia rola, lile gogo zito la chuma la kushindilia, nenda rudi, nenda rudi, mpaka udongo ushikane kama sakafu. Ukilaza maji bila kupitisha rola, asubuhi una uji.

Ninayetaka kumweleza ni Mnepali mmoja. Alikuwa mwenyekiti wa jumuiya ya Wanepali wa mtaa wetu, na papo hapo katibu wa ligi ya kriketi inayotumia kiwanja changu. Mie nilimwita Katibu. Yeye aliniita dai, kwao ndiyo kaka mkubwa. Mtoto wa askari wa Kinepali aliyetumikia jeshi la Waingereza, umri wa hamsini na kitu, mfupi, koti lake lina mifuko mingi na kila mfuko una karatasi za mtu mwingine. Usiku alifanya kazi ghalani. Mchana aliwapeleka wazee wao hospitali akawatafsiria, akawajazia fomu za nyumba, akawaandikia barua. Jumamosi na Jumapili alipanga mechi, akatafuta waamuzi, akasuluhisha vijana waliotukanana. Sijui alilala saa ngapi. Nimemwona kwa macho yangu amesinzia kwa kusimama, mkono umeshika mlango wa stoo.

Nikimuuliza, "Katibu, umelala?" hujibu, "Nimelala Jumanne, dai." Na leo ni Alhamisi.

Mwaka ninaousema, kaunsili ilitaka kutunyang'anya kiwanja. Kuna kampuni ilitaka kuweka nyasi za plastiki, uzio mrefu na geti la kufuli. Kaunsili wakasema: ligi itaachiwa kiwanja ikiwa mkaguzi ataridhika na pichi. Akisema pichi mbovu, basi. Mkaguzi angekuja Jumamosi asubuhi, katikati ya Septemba, kabla ya mechi ya mwisho ya msimu.

Usidhani jambo lilikuwa mpira tu. Kila asubuhi wazee wa Kinepali, wake kwa waume, huzunguka kiwanja kile kwa miguu, mkono mmoja bakora, mkono mmoja tasbihi yao. Wajane wa askari, wengi. Flati zao ziko juu, lifti ikifa hawana pa kwenda, Kiingereza hawana, majirani hawawajui. Kiwanja kile ndiyo baraza yao. Katibu aliwaahidi, mbele yangu, kwamba hakitafungwa. Mtu kama yule akishatoa ahadi huwezi kumwonea wivu.

Sasa sikiliza kosa lilivyofanyika. Ofisini kwake, kile chumba kidogo ubavuni mwa ukumbi, zilining'inia kalenda mbili msumari kwa msumari. Moja ya ligi, kwa Kiingereza. Moja ya kwao, miezi mingine, mwaka mwingine kabisa, wametupita kwa miaka hamsini na zaidi. Nilimtania siku moja, "Nyie mmeshafika mbele huko, mbona hamtwambii kuna nini?" Akacheka. "Kuna fomu, dai. Fomu zaidi." Na mie nyumbani nina kalenda yangu ya msikiti. Watu wawili, kalenda tatu. Katibu alipopanga siku ya mkaguzi aliangalia ile ya ligi peke yake. Wiki ile alikuwa hospitali kutwa na bibi mmoja aliyevunjika nyonga, hana wa kumsemea. Hiyo nyingine hakuigeukia.

Jumatano nikaipa pichi maji. Alhamisi ikanyesha, nikafunika turubai. Ikabaki Ijumaa. Siku moja tu ya kupitisha rola, lakini siku moja yanitosha, mie si mwanafunzi.

Ijumaa asubuhi nikafika, nikakuta wazee kama ishirini wameizunguka rola yangu. Niseme kwanza: rola ile ilikuwa mpya, ya injini, nzito. Miaka yote tulitumia ya kaunsili, inaletwa na lori ikirudishwa. Mwaka ule jumuiya yao ilikuwa imejichangisha ikanunua ya kwetu. Basi nikaikuta imevishwa shada la maua ya manjano, refu, limezungushwa usukani mara tatu. Usoni, pale penye taa, wameibandika mchele uliochanganywa na rangi nyekundu, kama wanavyobandikana wenyewe mapajini mwa uso siku ya sikukuu. Chini, nazi imevunjwa, na ubani unafuka. Nazi naijua mie. Ila sijapata kuiona ikivunjwa kwa ajili ya mtambo.

Nikauliza kuna nini. Katibu akaja mbio kutoka ofisini, uso umemshuka.

"Dai, nisamehe. Leo ni siku ya mungu wa mafundi. Vyombo vya kazi vyote vinaabudiwa. Vinapumzika."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka kesho."

"Kesho saa tatu anakuja mkaguzi."

"Najua."

"Pichi ina maji."

"Najua, dai."

Bibi mmoja mwenye pini ya dhahabu puani, mkubwa kuliko wote, akaniuliza kitu kwa lugha yao huku akinisonta na bakora. Katibu akatafsiri, hataki kunitazama. "Anauliza haraka ya nini. Hata ng'ombe wa kulima hupewa siku yake."

"Mwambie huyu si ng'ombe. Huyu anakunywa petroli."

Akaambiwa. Akacheka mpaka akashika kiuno, kisha akasema neno, na wenzake wakacheka wote. "Anasema," akatafsiri Katibu, "basi na wewe kapumzike, maana unakunywa chai yetu kila siku na hujapata kulima."

Nami nikacheka, ungefanyaje? Nikamvuta Katibu pembeni. Nikamwambia waeleze, waambie geti litafungwa, watu wazima hawa wataelewa. Kisha akasema wale wazee wametoa vya mfukoni mwao kuinunua rola ile, ndiyo kitu cha kwanza cha chuma walichopata kuwa nacho pamoja katika nchi hii, na hawezi kuwaambia siku ya kwanza ya kukiheshimu kwamba hakiheshimiki. "Nitazungumza na mkaguzi," akasema. "Nitamwomba wiki moja."

Akapiga simu mbele yangu. Mkaguzi akakataa. Ana viwanja vingine.

Katibu akairudisha simu mfukoni, kati ya karatasi. "Basi," akasema. "Kosa langu. Nitawaambia mwenyewe Jumapili." Akaenda kukaa kwenye benchi, na dakika mbili hazikupita akawa amelala, mdomo wazi, jua linampiga usoni.

Nilikwenda Ijumaa, nikasali, nikarudi. Alasiri ile wazee wakaingia ukumbini kula na kuimba. Ukumbi uko upande wa pili wa maegesho, na madirisha yake hayatazami kiwanja. Katibu naye wakamwamsha wakaingia naye.

Nikabaki mie na rola.

Nisidanganye hapa. Watu wengine wangesema walifikiria wazee, walifikiria uzio. Mie nilifikiria pichi yangu. Nilimfikiria mkaguzi, mzungu na klipubodi yake ya kuandikia, anakanyaga pichi yangu inadidimia, anaandika "mbovu", na jina langu chini. Nilizikumbuka sakafu za udongo za kwetu, mama zetu walivyokuwa wakizipigilia kwa vipande vya mti siku nzima, na bibi yangu aliyekuwa akipita na kisigino kujaribu. Sakafu ikibonyea, fedheha ni ya mwenye nyumba. Mie sina cheti. Nina kile kipande cha ardhi tu.

Nikalivua shada, nikalitundika kwenye ukuta wa stoo kwa adabu. Nikasema bismillahi. Nikawasha.

Kwa muda wa saa moja na nusu nilikwenda nikirudi, polepole. Injini ile haina kelele nyingi, na kule ndani walikuwa na ngoma. Udongo ukaanza kushika, nikausikia miguuni, unajibu. Nilipomaliza nikaiendesha rola mpaka mahali pake, nikalirudisha shada, mara tatu kwenye usukani kama nilivyolikuta. Nikaenda nyumbani. Kwenye udhu wa magharibi maji yakatoka mekundu. Ule mchele wa rangi walikuwa wameupaka mpaka kwenye mkono wa gia, na mie sikuona. Nikasugua. Viganja vikatakata, chini ya kucha haikutoka. Binti yangu akaniuliza kwa Kiingereza chake nimefanya nini mkono. Nikamwambia ni rangi ya uzio.

Jumamosi nikafika mapema. Katibu alikuwa kanitangulia. Alikuwa peke yake katikati ya kiwanja, amechuchumaa juu ya pichi.

Nikamsogelea. Pichi ilikuwa kavu, ngumu, nzuri, sijapata kufanya nzuri kuliko ile. Na ndani yake, toka mwanzo mpaka mwisho, mlikuwa na vipande vya manjano vimebanwa udongoni kama vimechorwa. Maua. Nilipolivua lile shada yalikuwa yamedondoka kwenye silinda, lile gogo la rola, na mie na macho yangu haya nikayapigilia yote.

Katibu alikuwa akiyatoa moja moja kwa ncha ya ufunguo, taratibu, asijeruhi udongo, na kila analotoa analitia mfukoni. Hakunyanyua uso. Nikasimama pale, mtu mzima, kama mtoto aliyevunja chungu.

Nikasema, "Katibu."

Akasema, "Upande wako ule bado, dai. Wazee wanakuja saa mbili."

Nikapiga magoti, kwa maumivu, nikatoa ufunguo wangu. Tukafanya kazi. Tulipomaliza akanitazama mkono, akatoa glavu mfukoni, zile za ghalani, akanipa. Nikavaa.

Mkaguzi akaja, akadundisha mpira, akabonyeza kwa kidole gumba, akapiga picha. Akaandika. Akasema pichi ni nzuri, na kwamba tutaachiwa kiwanja. Katibu akamshukuru, akamsindikiza mpaka garini.

Kisha yule bibi wa pini ya dhahabu akaja na wenzake. Akaikanyaga pichi kwa kisigino, vile vile kama bibi yangu, ikakataa kubonyea. Akanishika mkono wenye glavu kwa mikono yake miwili, akasema maneno marefu. Nikamtazama Katibu.

Akatafsiri, sauti sawa, kama anavyotafsiri kwa daktari: "Anasema umeona? Imepumzika siku moja, na kazi imejifanya yenyewe. Anasema asante kwa kuiacha."

Nikasema asante.

Mie ni mtu wa kujisifu, wanaonijua watakwambia. Nikitengeneza kitu hutaki kukaa nami karibu. Lakini pichi ile, bora kuliko zote, watu wakiitaja mpaka leo mie huangalia viatu vyangu. Wazee bado wanazunguka kila asubuhi, wamepungua. Katibu naye amechoka zaidi, nywele zimekwisha, bado anasinzia kwa kusimama.

Kila mwaka ikifika siku ile, naitazama mwenyewe kwenye kalenda yake ya pili, nimejifunza tarakimu zao. Pichi naimaliza siku mbili kabla. Asubuhi ya siku yenyewe, kabla hawajaja na maua, nautoa ufunguo wa rola kwenye fungu langu, naingia ofisini, namwekea Katibu mezani. Hajapata kuuliza kwa nini. Huutia mfukoni, kwenye zile karatasi, na kesho yake hunirudishia.