Shimo Nililoliacha Nikaenda Kunywa Chai

Mwenye ploti kule Kawangware 46 alitaka kuongeza vyumba vya kupangisha, kila kimoja na choo chake cha ndani. Maji taka yangeingia kwenye tangi la chini, kisha kwenye shimo la kunyonya, yanywewe na udongo. Kazi yangu ilikuwa kupima kama udongo wake unakunywa maji. Hatua chache chini ya mteremko kulikuwa na kisima ambacho wapangaji wote walikitegemea kwa maji ya kunywa. Udongo ungekataa, uchafu ungepanda juu na kuteremkia kisimani.

Kipimo chenyewe hakihitaji akili nyingi. Unachimba shimo dogo, unalijaza maji, unaliacha lilowe hadi kesho yake. Unalijaza tena, halafu unakaa hapo nusu saa ukitazama yanashuka kiasi gani. Unakaa hapo! Mimi, mjinga, nikaenda kunywa chai.

Niliporudi maji yalikuwa yameshuka shubiri nzima. Nilishangaa, maana nilikuwa nimechimba mfinyanzi mtupu, lakini jua lilikuwa kali nami nilitaka kumaliza. Nikaandika kwamba udongo unafaa, nikatia sahihi, nikampa mwenye ploti nakala yake.

Nikiwa nafunga mkoba nikamwona mpangaji mmoja, mama mwenye mtoto mgongoni, akipiga deki mlangoni kwa maji ya tope. Nikamwendea.

“Mama, hayo maji umetoa wapi?”

“Kwa hiyo shimo yenu. Mfereji ya kuchotea imekauka tangu Jumapili. Nikaona mnamwaga maji kwa mchanga, inaenda bure.”

Ningemkasirikia vipi? Hapo watu hupanga foleni kisimani na mitungi, halafu mtu mzima anamwaga maji ardhini na kwenda zake. Hasira yote ilikuwa yangu mwenyewe.

Nikamwita mwenye ploti, nikajaza shimo mbele ya macho yake, tukaketi juu ya mitungi nusu saa. Maji hayakushuka hata unene wa kidole.

“Umeona, mzee?”

“Nimeona. Lakini hii ya kwanza ndio umesaini,” akasema, akiikunja karatasi na kuitia mfukoni.

Niliandika barua ya kukifuta kipimo kile. Katika ofisi ya kaunti inayotoa kibali nikaambiwa faili iko kwa afisa mwingine, nisubiri. Nikarudi mara ya pili, mara ya tatu; nikaulizwa nina haraka ya nini.  Faili ikiwa bado inatafutwa, shimo la kunyonya likachimbwa na wapangaji wapya wakahamia.

Baada ya mvua nilipita hapo. Ardhi juu ya shimo ilikuwa imelowa na kunuka, na maji meusi yalikuwa yakitambaa kuelekea kisimani. Yule mama alikuwa akichota. Nikamsihi asimpe mtoto maji yale.

“Si ni wewe ulipima? Mwenye ploti alitusomea karatasi yako, akasema iko sawa.”

Nikamwambia nilikosea. Akaitua ndoo chini, akanitazama.

“Sasa nichote wapi?”