Kiota Katikati ya Mpunga

Juzi nilipita Jomvu Kuu, nikasimama palipokuwa na bonde la mpunga la nyanya yangu. Sasa ni nyumba tu, ukuta kwa ukuta. Lakini kaa nami kidogo, nikuonyeshe lilivyokuwa miaka ile ya vita vikuu vya dunia, mchele ulipokuwa adimu na hakuna aliyethubutu kupoteza suke.

Kazi yangu ilikuwa kuamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga. Mpunga ukianza kuiva, mtoto hupanda dungu, yaani kichanja kirefu cha miti, akashinda pale akipiga debe na kurusha madonge ya tope kwa kombeo. Mawe nyanya aliyakataza. Adhuhuri aliniletea mhogo wa nazi, ungali moto, nao ulinukia vizuri kuliko chochote ninachokula leo.

Msimu huo mwalimu wetu alitufundisha shairi, na mstari mmoja ukanitatiza: "Ndege usimuonee, naye dunia ni yake." Kila mtoto alitakiwa aeleze maana yake. Kulighani niliweza, lakini nilijiuliza: mimi nashinda nikiwafukuza, si kuwaonea huko? Na nisipowafukuza, tutakula nini?

Siku ya kuvuna nikaona kiota kimesukwa baina ya mabua, na ndani yake makinda, midomo wazi. Mama jirani, aliyekuja kutusaidia, alikuwa akija upande ule na kisu chake. Nikamwita nyanya, nikamwomba pale pasikatwe.

Mama jirani akacheka. "Si wewe uliyetutoboa masikio kwa debe lako? Leo umekuwa wakili wao?"

"Haya ni makinda tu. Hayajatuibia."

"Na mama yao huwalisha nini, mwanangu, halua?"

Nyanya aliinama akakitazama kiota kwa muda. "Mpunga wa hapa ni chungu kizima cha wali," akaniambia. "Utakubali siku moja tule mhogo mtupu badala yake?"

"Nitakubali, nyanya."

"Haya, pazungukeni."

Wakapazunguka, mama jirani akinung'unika, kikabaki kishungi cha mpunga peke yake shambani.

Darasani nilieleza nilivyoelewa: ndege mwenye mbawa ukimfukuza hapa, atatua kwingine, na mpunga wako utasalimika. Kinda halina pa kwenda. Ukilikatia kiota, hapo ndipo umelionea. Mwalimu akaniambia niwaeleze wenzangu tena, polepole, hadi wa nyuma wasikie. Na ule mhogo mtupu tuliula, bila kinyongo.

Bonde limekwisha, madungu hayapo, nyanya na mama jirani wamelala makaburini. Lakini juzi, kati ya nyumba zile, niliona ukuta umepakwa chokaa wote isipokuwa pembe moja chini ya paa. Nikamuuliza mwenye nyumba kulikoni.

"Kuna ndege wametaga," akasema. "Makinda yakiruka, nitamalizia."

Nikamshukuru. Akabaki akinitazama, hajui ninamshukuru kwa lipi.