Bibi Aliyekaa Karibu na Spika

Duu… duu… Ile besi bado naisikia kifuani. Haki ya Mungu, ninayowaambia yamenitokea mimi mwenyewe, mchana kweupe, hapa ugenini, Bankstown.

Nilikuwa nimetoka shifti ya usiku kwenye nyumba ya wazee, miguu imevimba. Binamu yangu Furaha alikuwa akiipikia bendi ya Wajapani, wapigaji wa reggae ya dub, ile ya besi nzito na sauti zinazojirudia mpaka zififie. Nikaenda kumsaidia. Mimi muziki wowote hunitia ndoto, hata nikiwa nimechoka vipi.

Walipokuwa wakijaribu vyombo, ukumbini hamkuwa na msikilizaji ila bibi mmoja wa Kijapani, kaketi karibu na spika, anatetemeka. Mnajua nilifikiri nini? Mgonjwa kapotea! Nikamfunika kitenge changu, nikamshika mkono kupima mapigo. Vidole vyangu viwili havikupata kitu. Nikajisemea, ni hii besi inanichanganya.

"Yule wa ngoma ni mwanangu," akasema. "Mwambie sikumngoja na njaa. Nilikula, nikalala."

Kiswahili! Tena cha kwetu Uvira. Niaminini, kwa ule uchovu hata sikushtuka.

Nikaenda jikoni kumchukulia chai. Furaha akacheka: "Ee dada, hata kwenye muziki unatafuta wagonjwa? Mle hamna bibi!"

Niliporudi, kitenge kilikuwa juu ya kiti kitupu.

Nilitamani kwenda kulala tu. Lakini ningelalaje na maneno ya mtu? Nikamfuata mpiga ngoma, nikamweleza kwa Kiingereza changu cha kazini. Akaweka vijiti chini. Akaniambia kwamba zamani alikuwa amemwahidi mama yake kwenda kula kwake, mazoezi yakamchelewesha, na usiku huohuo mama akafariki.

"Miaka yote nadhani alikufa akinisubiri," akasema, akalia kama mtoto.

Tangu siku ile vile vidole viwili havipati joto. Wazee kazini wananitania: "Binti, umetoka kwenye friji?" Nawe, ukimkuta mzee peke yake penye muziki, msikilize kwanza, usikimbilie kumshika mkono. Na akikutuma, usiseme kesho.

Jioni ile, peke yangu chumbani, nilichukua daftari. Kazini kwetu, lolote tulilomfanyia mzee lazima tuliandike. Nikaandika: "Bibi alikuwa na baridi. Kafunikwa kitenge. Ujumbe wake umefika."