Farasi Waliochapishwa kwenye Fulana

Jumatatu hadi Ijumaa alikuwa karani wa stoo, mtu ambaye hata paka wa ofisi hakumpisha njia. Jumamosi alikuwa Mwenyekiti. Chama chao cha wenye magari kilikuwa na katiba ya mstari mmoja: mwenye farasi wengi kwenye injini ndiye anayeongoza. Mwenyekiti alikuwa na farasi mia mbili. Hawakuwahi kupimwa, ila alishawachapisha kwenye fulana.

Uchaguzi ulipofika, mpinzani wake, daktari wa meno, akadai vipimo. Wakaenda gereji ya shemeji yake Mwenyekiti, kaka wa mkewe. Mashine ya pale huyazuia magurudumu kwa breki na kuiacha injini isukume kwa mwendo usiobadilika. Karatasi zikatoka: Mwenyekiti, mia na themanini na nne; daktari, mia na themanini na moja.

"Hongera, shemeji," fundi akasema. "Kiti bado chako."

"Hongera ya nini? Na wale kumi na sita wako wapi?"

"Hao hawakuwahi kuzaliwa."

Wanachama wakaangua kicheko. Mwenyekiti akainamisha macho kwenye fulana yake, akaichana karatasi, akatangaza kwamba mashine hii ina choyo. Ng'ambo ya mji ipo nyingine, yenye moyo.

Fundi akamvuta pembeni.

"Shemeji, nakusihi. Ile hupima unavyolizungusha upesi pipa zito la chuma. Ni karimu, sikatai, lakini ni karimu kwa kila mtu. Halafu itakuhesabia hizo rimu zako za fahari. Hayo si magurudumu, ni mawe ya kusagia! Kwangu hayakukudhuru, maana mwendo ni uleule. Kule injini itahangaika kuyaongezea mbio yenyewe, pipa liambulie makombo. Mwenzio ana vigurudumu vyepesi kama sahani. Basi angalau uzivue, nikuazime nyepesi."

"Nivue rimu mbele za watu? Si bora nivue suruali?"

Wakaenda. Pipa likanguruma, namba ikatoka: mia na tisini na saba. Mwenyekiti akashangilia peke yake, na kwa haki. Farasi kumi na watatu kwa asubuhi moja, hata mfugaji hawapati. Kisha likapanda gari la daktari.

Mia mbili na moja.

Katibu akaifungua katiba, akaisoma yote kwa pumzi moja.

"Turudini kwa shemeji," Mwenyekiti akasema. "Yule ndiye mtaalamu."

"Mtaalamu mwenye choyo?" katibu akauliza. "Wewe ndiye uliyetuleta huku, mzee. Tena kwa msafara."

Alipofika nyumbani mkewe alikuwa akikunja nguo.

"Vipi huko?"

"Nimepanda. Mia na tisini na saba."

"Na uenyekiti?"

"Kachukua daktari."

Mkewe akamaliza kukunja shati.

"Basi mpigie leo leo, kabla cheo hakijamlevya. Mwanao jino linamsumbua tangu juzi."